Karanga za mtoto wa stendi

Barazani hapa Bagamoyo, kahawa ikishamiminwa, simu hutoka mfukoni na habari zinaanza: Gaza, Sudan, Kongo. Mtu anaguna, "Sasa sisi tufanyeje?" Wapo wanaosema tenda jema lililo mbele yako. Wengine wanasema huko ni kujipoza moyo tu, dunia inabaki vilevile.

Ubishi huu si mgeni mjini kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868, walikuwa wakikomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto, kutoka soko la Unguja. Hoja dhidi yao ni nzito. Mfanyabiashara hajali pesa imetoka kwa mwenye huruma au kwa katili, na mnunuzi akiongezeka soko linanona. Lililofunga soko lile ni mkataba wa Juni 1873, uliotiwa saini na Sultani Barghash huku Waingereza wakimtishia kwa manowari zao.

Lakini tazama miaka. Soko lilipofungwa, misafara ikapita nchi kavu kandokando ya pwani, mpaka ikapigwa marufuku 1876. Tanganyika, utumwa ulifutwa kisheria 1922. Mtoto wa 1868 angeisubiri sheria hiyo miaka 54. (Na tusipambe: waliokombolewa walikaa chini ya misheni, wakilima mashamba yake na kufuata dini yake.)

Sasa njoo stendi. Saa nne asubuhi, siku ya shule, mtoto kabeba beseni la karanga za kufunga kwenye karatasi, anakimbilia kila gari linaloingia. Ukinunua, beseni linapungua na anawahi kurudi nyumbani. Ukinunua wewe, nikanunua na mimi, kesho atatumwa tena. Ni swali lilelile la soko la Unguja, ingawa uzito haulingani hata kidogo.

Mimi kununua na kuondoka naona ni wema mwepesi. Kukataa "kwa msimamo" ni mwepesi zaidi, kwa sababu hakukugharimu chochote na mtoto bado ana beseni lake. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari havijafutwa. Mwenye nafasi amuulize mtoto kwao ni wapi, mji wenyewe huu huu tunajuana. Kisha aende kwa adabu, bila kumpiga picha mtu, akanunue kwa mama mwenyewe. Pesa ni ileile, ila haimtoi mtoto darasani.

Tatizo ni kwamba wateja wako stendi, hawako uani kwa mama yule. Mtu mmoja kwenda kununua fungu mbili hakumwachishi mtoto kazi. Wanatakiwa majirani kumi wenye desturi hiyo, au mwenye duka mmoja atakayekubali kumwekea karanga zake kaunta.