Jenereta ya taa peke yake haitoshi kwa nyumba za wazee

Kila winta ikikaribia Marekani huu mjadala unarudi, nyumba za wazee zilazimishwe kuwa na jenereta inayoweza kuendesha hita za jengo zima ama kila mtu aachwe ajipange. Wakenya wengi huku ndo wanashika hizo shifti za usiku, so hii stori inatuhusu kabisa.

Sheria ya serikali kuu iko wazi, nyumba zilizosajiliwa baada ya Oktoba 1, 1990 zinatakiwa ziwe na joto la kati ya nyuzi 71 na 81 za Fahrenheit, yaani kama 22 hadi 27 za Selsiasi. Shida inaanza stima ikipotea. Hapo sheria inadai umeme wa akiba wa kulinda afya ya wazee, lakini si lazima jengo lote lipashwe joto, na nyumba ikishindwa inaweza kuwahamisha.

Wahamishwe wapi sasa? Februari 2021 Dallas ilifika nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, mamilioni ya watu Texas hawana umeme, barabara ni barafu tupu, na nyumba ya jirani nayo iko giza vilevile. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246, na baridi ndo iliua wengi.

Wenye nyumba wana hoja pia na si ya kupuuzwa. Jenereta kubwa ni pesa nyingi, wazee wengi wanalipiwa na Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, ambayo hailipi sana, na nyumba ndogo ya kijijini ikifungwa mzee anapelekwa mbali na watoto wake, hayo pia ni mateso. Lakini Florida walishalazimisha, baada ya wazee 12 kufa kwa joto kali kwenye nyumba moja kufuatia kimbunga Irma 2017, nyumba zikaambiwa ziwe na umeme wa kupoza hewa kwa saa 96. Malalamiko yalikuwa mengi, wengine wakaongezewa muda, na sheria ikasimama. Kama iliwezekana kwa joto kwa nini isiwezekane kwa baridi?

Kuna familia zinakasirika zikikatazwa kuleta hita ndogo chumbani. Hapo naunga mkono katazo, kuna oksijeni, kuna mashuka, na ngozi ya mzee inaungua kabla hajasikia. Ila ukikataza hita ni lazima wewe mwenyewe ulete joto, manake mzee mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hakwambii anasikia baridi, anavua soksi anatupa blanketi, alafu anaanza kusinzia na kuongea polepole, hata hatetemeki, unadhani ni usingizi kumbe joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi.

Kwa hivo kabla hujamweka mzazi wako mahali uliza jenereta inaendesha nini na kwa saa ngapi. Wakisema ni taa na simu tu, uliza hao wazee watabebwa na gari za nani, na mkataba na hizo gari ulisainiwa lini.