Arobaini Si Ruhusa ya Kukimbia

Wiki ya saba baada ya kujifungua nilivaa raba, nikamwachia mama mtoto, nikaelekea kilima cha Capri Point, hapa Mwanza. Arobaini ilishaisha. Kliniki ya siku ya 42 nilishahudhuria, nesi akapima presha, akabonyeza tumbo, akasema niko vizuri. Mimi masikio yangu yakasikia: kimbia. Kupanda hakukuwa na neno. Kwenye mteremko wa kurudi, upepo wa ziwa ukinipuliza vizuri kabisa, nikahisi nimelowa, na halikuwa jasho, ni mkojo. Nikafunga sweta kiunoni, nikatembea pole pole kama mtu aliyekuja kutazama mawe.

Nilipomsimulia rafiki yangu alicheka. "Ndio uzazi huo shoga, utazoea." Hapo ndipo ninapogombana na watu. Kwamba linawapata wengi, nakubali. Kwamba nilizoee, hapana.

Arobaini yenyewe siibezi. Uji wa moto, maji ya kukandwa, mtu mwingine anakufulia, nani atakataa? Ila arobaini inakuruhusu kutoka nje, haikupimi mbio. Ukikimbia, kila hatua inakushukia kwa uzito unaozidi wako mara mbili na zaidi. Chini kabisa, kinachopokea kishindo hicho ni misuli ya sakafu ya nyonga, imetandazwa kama wavu, imebeba kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo. Wavu huo ndio kwanza umetoka kubeba mimba miezi tisa. Mvuvi wa Kirumba haingii ziwani na wavu uliochanika. Anakaa mchangani kwanza, anashona. Na aliyejifungua kwa upasuaji asidanganywe na kovu la juu lililofunga, tabaka za ndani bado zinaunga kwa miezi.

Wataalamu wa mazoezi tiba wa Uingereza walitoa mwongozo mwaka 2019: mbio zisubiri angalau wiki 12, na hata hapo uwe huna dalili mbaya. Nilipiga hesabu nikacheka peke yangu. Wiki 12 ni siku 84, ndiyo likizo ya uzazi ya sheria yetu kwa mtoto mmoja. Yaani ukiianza likizo siku ya kujifungua, siku unayoweza kuanza kujaribu ndiyo siku bosi anakusubiri ofisini.

Kabla ya barabara nilijipima uani. Kutembea nusu saa, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, kukimbia papo hapo dakika moja, kisha kuruka kwa mguu mmoja mara 10, kila upande. Ukilowa, ukiumwa, damu ikitoka, au ukihisi uzito ukeni kama kitu kinataka kushuka, acha, kamwone daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba. Usimwulize shoga.

Zoezi lililonisaidia nalifanyia kwenye daladala ya Igoma, hakuna konda anayejua. Unakaza kama unayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, unahesabu, unalegeza kabisa. Huko kulegeza ndiko nilikokuwa nakusahau. Sasa nakimbia dakika moja, natembea mbili, kwenye tambarare tu. Miteremko ya Mwanza itanisubiri. Na nanyonyesha kwanza, maana kukimbia na maziwa yamejaa ni adhabu.

Mama, ambaye mwanzoni aliniuliza "Mwanangu, unamkimbia nani?", siku hizi ananipokea mlangoni na mtoto begani, anauliza kwa sauti ya chini, "Leo umerudi mkavu?" Juzi nilijibu ndiyo. Akanyamaza kidogo, akasema yeye hajawahi kupiga chafya kwa amani tangu azae kaka yangu mkubwa. Kaka ana miaka 38. Jioni ile tulikaa wote barazani, yeye anachambua dagaa, mimi nahesabu kwa sauti: kaza, moja, mbili, tatu.