Homa ya manjano: sindano moja yatosha maisha yote?

Kama una kadi ya njano ya zamani, yaani cheti cha msafiri cha chanjo hii, itazame vizuri. Karibu na muhuri utaona tarehe ya mwisho, miaka kumi baada ya kuchanjwa. Tarehe hiyo haina kazi tena. Tangu Julai 11, 2016, Kanuni za Afya za Kimataifa zinakitambua cheti hicho kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kilichotolewa zamani. Ofisa wa mpakani akikwambia kimeisha muda, amekosea yeye.

Hoja ya kurudia sindano kila miaka kumi ilianza kupoteza nguvu mwaka 2013, wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani (WHO) walipopitia kumbukumbu. Tangu miaka ya 1930 zilikuwa zimetolewa dozi milioni 600, na waliojulikana kuugua baada ya kuchanjwa ni 12 tu, wote ndani ya miaka mitano. Kama kinga ingechakaa kadiri miaka inavyopita, wangeugua wale waliochanjwa miaka mingi nyuma.

Halafu kuna uhaba. Viwanda vinavyotengeneza chanjo hii ni vichache mno. Mwaka 2016, ugonjwa ulipotishia Kinshasa, mamilioni ya watu walichanjwa kwa moja ya tano ya dozi, mililita 0.1, ili chupa zilizokuwepo zifike kwa wengi. (Dozi hiyo ya dharura, ajabu, haikupi cheti cha kusafiria.) Kumrudia msafiri aliyekwisha kukingwa ni kumnyima asiyewahi kuchanjwa kabisa.

Ila wale 12 ni waliojulikana. Mtoto wa kijijini anayekufa kwa homa na macho ya njano bila kupimwa damu haingii kwenye hesabu yoyote. Brazil ilifuata dozi moja mwaka 2017, lakini mwaka 2020 ikarudisha ya pili kwa watoto wa miaka minne, kwa kuwa tafiti zake zilionyesha kingamwili (protini za damu zinazopambana na ugonjwa) za waliochanjwa wakiwa wachanga hushuka. Kushuka kwa kingamwili si kuugua, hilo nakubali. Lakini Uganda, na Kenya katika kaunti kama Baringo na Elgeyo Marakwet, huchanja katika umri huohuo wa miezi tisa.

Kwa msafiri mzima wa afya, kanuni mpya ni sahihi. Kwa mtoto wa Baringo, sioni kwa nini hesabu ya wasafiri imjibie. Wapimwe damu watoto wanaoanza shule huko, kisha ndipo tubishane kuhusu dozi ya pili.