Suti ya Kuzamia Si Blanketi

Tangu nirudi kutoka Diani, kamba ya nguo hapa plotini Nyalenda, Kisumu, imenitoa jasho. Suti ya kuzamia ni mpira, jua huuchakaza, kwa hiyo naianika kivulini. Jirani yangu akiiona anaihurumia: "Baba, hapo haikauki!" Anaihamishia juani, kando ya omena zake. Mitungi miwili ya maji niliyonunua kusuuza chumvi imeenda bure. Sasa nanuka samaki kama ufuo mzima wa Dunga.

Na hao watoto! Regeleta, kile kifaa cha kupumulia chini ya maji, imelowekwa kwenye beseni, wao wanabonyeza kile kitufe cha katikati, maji yanaingia mpaka kwenye bomba la hewa. Nikafungia kila kitu bafuni. Jana usiku keateka, mtunza ploti, kaingia na tochi, kakuta suti inaning'inia, kapiga nduru ploti nzima ikaamka.