Kusutwa kwa mti

Sisi tunasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, sa kwa Kwakwaka'wakw, wenyeji wa asili wa British Columbia, Kanada, kuna vinyago vinachongwa makusudi vimtishe jirani. Chifu akiona mpinzani wake kapokea mali afu harudishi, anamwita fundi amchonge jamaa kwenye mti wa mwerezi na kinasimamishwa hadharani kila mtu akione. Yani anasutwa kwa mti. Wapo wanaosema huo ni uonevu wa wenye nacho, na hawajakosea kabisa, vyeo kule ni vya ukoo na asiye na mali atajibu nini? Kwenye potlachi, sherehe ya kugawa mali, chifu aliweza hata kuvunja bamba lake la shaba la thamani kubwa ili mwenzie avunje lenye thamani hiyo hiyo au abaki na aibu yake.

Ila mi naona watu wanawaruka mashahidi. Wageni wa potlachi hawaji kula tu, zile zawadi ni malipo ya kushuhudia, jina kapewa nani, ngoma ya nani, nani anamdai nani, maana karatasi haikuwepo, daftari ni watu na ule mti. Kwahiyo unasuta mbele ya watu wanaolijua deni, tena kwa gharama yako. Anaemwanika mtu kwenye grupu la WhatsApp analipa nini bana?

Na vinyago vingi wala sio vya kusuta. Kuna vya ufukweni vimenyoosha mikono kupokea wageni, na kuna cha msemaji (hichi ndo nakipenda) mdomo wazi kabisa, mtu anasimama nyuma yake anahutubia kupitia ule mdomo, unasikia sauti lakini anaeongea ni nyumba nzima ya chifu.

Kinachoniuma ni kwamba watu wa nje walioandika kuhusu majivuno ya hawa watu walikuta mambo yameshavurugika. Ndui ya 1862 iliua watu wengi mno, vyeo vikabaki bila wenyewe, huku bidhaa za Wazungu zinamiminika pale Fort Rupert, kituo cha biashara, lazima mashindano yafumuke. Wakaona fujo ile wakadhani ndo mila yenyewe. Serikali ikapiga marufuku potlachi kwa sheria ya 1884, ikaja kuifuta 1951. Potlachi ya chifu wao Dan Cranmer ya Desemba 1921 peke yake ilifikisha watu 45 mahakamani, na barakoa na mabamba yao yakachukuliwa yakaishia makumbusho ya mbali.

Februari 2013 mchongaji wao Beau Dick alitembea na wenzake kutoka kaskazini ya kisiwa cha Vancouver hadi bungeni Victoria, mji mkuu wa British Columbia, akavunja bamba la shaba kwenye ngazi pale kuisuta serikali, na 2014 akaenda Ottawa, mji mkuu wa Kanada, akarudia. Sa hapo utasema tajiri kamwonea maskini?