Usonji, simu, na mama anayebebeshwa lawama

Siku hizi mtoto akifika miaka miwili na nusu hajaongea, kabla hata hajafikishwa hospitali kesi inakuwa imeshasikilizwa na hukumu imetoka: ni simu. Mama kampa simu, mtoto kapata usonji (autism, hali ya ubongo inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na watu), na nyie akina mama wa siku hizi kulea mmeona kazi. Nimelisikia hili kwenye daladala, kwenye vikoba, na kwa watu waliosoma kabisa, na kinachonikera ni kwamba kuna ukweli ndani yake, ila umekaa pasipo pake.

Mi naishi Kipunguni, huku ndege ikipita juu ya bati inabidi ukatishe maongezi kwanza ipite. Watoto wa huku wote wana mchezo mmoja, wakisikia mngurumo wanatoka mbio uani, vidole juu, "ndegeee bai bai", wanawageukia mama zao kuhakikisha na wao wameiona. Mtoto wa jirani yangu anakaribia miaka mitatu na hajawahi kufanya hivyo hata siku moja. Ndege ikipita anaziba masikio anajikunyata pembeni ya karo. Akitaka chai hasemi wala haonyeshi, anamshika mama yake mkono anaupeleka mpaka kwenye chupa, kama vile mkono ni kopo tu la kuchotea. Halafu mfuniko wa sufuria anaweza kuuzungusha sakafuni mpaka adhuhuri na hachoki. Aliyewahi kuishi na mtoto mwenye usonji akisoma hapa ameshanielewa, sihitaji kuanza kueleza dalili moja moja.

Mama yake anachoma vitumbua. Saa kumi alfajiri yuko macho, chumba ni kimoja, jiko liko mlangoni, mafuta yanachemka, na baba yuko safarini. Ile simu yenye katuni ndo ilikuwa uzio wake. Unayesema uvivu njoo ukae pale nusu saa tu.

Sasa upande wa pili nao tuusikilize, maana hawasemi ujinga. Mtoto anajifunza kuongea kwa kujibiwa, anasema "ba" unamjibu, anakuangalia, anasema tena. Katuni haimjibu hata akilia. Ndo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 likasema mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kuna mwanasaikolojia wa Romania, Marius Zamfir, aliandika mwaka 2018 kwamba watoto wadogo waliokaa na skrini zaidi ya saa 4 kwa siku walikuwa na dalili zinazofanana na za usonji, hapo ndo habari za "usonji wa skrini" zilipopata nguvu japo kwenye orodha rasmi za utambuzi haumo. Na kweli wapo watoto wananyang'anywa simu na baada ya miezi kadhaa wanaanza kuongea. Siwabishii wazazi wao. Mi nauliza tu, pale ambapo simu ilitoka nani aliingia? Mara nyingi aliingia mtu, bibi au dada, akaanza kuongea na mtoto siku nzima. Mtoto aliyechelewa kuongea kwa kukosa wa kuongea naye atafunguka, lakini huyo hakuwa na usonji toka mwanzo, na kupona kwake hakumthibitishii kitu mtoto wa jirani yangu.

Ila utafiti ambao watu wanaurusha sana kama ushahidi ni wa Japani, ulitoka mwaka 2022, na huu nataka tukae nao kidogo. Walifuatilia mama na watoto 84,030, wakauliza mtoto wa mwaka 1 anaangalia skrini muda gani, halafu wakaja kuangalia nani kaandikiwa usonji akiwa na miaka 3. Wavulana walioangalia saa 2 mpaka 4 uwezekano wao ulikuwa juu karibu mara tatu na nusu ya wasioangalia kabisa. Inatisha, na watu wanaishia hapo hapo wanabonyeza tuma. Endelea kusoma. Walioangalia zaidi ya saa 4 ilikuwa mara tatu, yaani dozi imeongezeka na hatari haijaongezeka. Kwa wasichana uhusiano haukuonekana. Na waliokutwa na usonji kwa ujumla walikuwa kama 4 katika kila 1,000, kwa hiyo hata ukizidisha mara tatu bado wengi mno wa waliokaa na skrini hawakupata kitu. Halafu kuna lile swali ambalo mama yeyote angeliuliza: mtoto ambaye tayari akiwa na mwaka 1 hatafuti uso wa mtu, anatuliza macho kwenye vinavyozunguka na taa zinazowaka, si ndo huyo huyo atakayeganda kwenye skrini na kulia ikizimwa? Nani kamleta mwenzie hapo, simu kaleta usonji au usonji kaenda kwenye simu? Utafiti wenyewe hauna uwezo wa kukujibu hilo.

Mama kulaumiwa hakujaanza na bando. Daktari wa akili wa watoto kule Marekani, Leo Kanner, alipoueleza usonji mwaka 1943 aligusia wazazi wasio na joto, na baadaye Bruno Bettelheim, aliyeendesha shule ya watoto wenye matatizo ya akili kule Chicago, akalikuza hilo mpaka kizazi kizima cha akina mama Marekani na Ulaya wakaitwa mafriji, kwamba ubaridi wao ndo uliomfungia mtoto ndani. Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, akalipinga mwaka 1964. Mwaka 1977 ukaja utafiti wa mapacha Uingereza: wa kufanana jozi 11, katika 4 wote wawili wana usonji, wasiofanana jozi 10, hakuna hata moja. Jozi 21 ni chache, ila kila jozi, ya aina yoyote, imelelewa na mama mmoja nyumba moja, tofauti ni kwamba wa kufanana wamerithi vilevile. Ubaridi wa mama ungechaguaje? Na tafiti kubwa zilizofuata zimezidi kuelekeza kwenye kurithi. Huku kwetu friji halikufika, tulikuwa na ya kwetu. Utafiti wa pwani ya Kenya wa mwaka 2015 ulikuta watu wakitaja mapepo, uchawi na laana pamoja na sababu za kihospitali. Simu imekuja kukaa kwenye kiti hicho hicho, ila yenyewe imevaa miwani.

Shida ya kuamini ni simu ni kwamba dawa yake ni bure na iko nyumbani. Kwa jirani yangu bibi alikuja kutoka Korogwe akaifungia simu kabatini, mtoto akalia siku nne, ya tano akarudi kwenye mfuniko wake. Wakaambiwa wasubiri. Wamesubiri miezi saba, hajapimwa masikio, ambacho ni kitu cha kwanza kabisa kwa mtoto asiyeongea, wala hajaonwa na mtaalamu wa matamshi, na huo ndo umri ambao mtoto anafundishika zaidi. Mama kwa sasa anachoma vitumbua huku kambeba mgongoni, mtoto wa kilo kumi na nne.

Mi pia ningeipunguza simu, nisieleweke vibaya.

Juzi nilimkuta mama yake amekaa kwenye ndoo kaipindua, anapekua meseji za bando za tangu mwaka juzi, anajumlisha kwenye daftari la madeni ya vitumbua mtoto ameangalia masaa mangapi. Nikamuuliza hii simu ulinunua lini. Akatafakari. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi nane, kabla ya hapo alikuwa na kitochi. Na masikio alianza lini kuziba? Akanyamaza, halafu akasema aa, hayo tangu hajaanza kutembea.

Akaendelea kujumlisha.