Kobe wa Mafungu Matatu

Shangazi alikwenda Lamu kumuuguza binti yake aliyejifungua, arubaini ikageuka miezi mitatu. Huku Mji wa Kale, Mombasa, akaniachia bibi, paka na kobe wa maji, yule wa asili ya Marekani mwenye doa jekundu nyuma ya jicho. Agizo lilikuwa moja: "Mlishe leo, ruka siku mbili."

Nikaona huo ni uchoyo. Kobe akisikia kandambili zangu tu, shingo nje, mikono inapepea kiooni kama mtu aliyeachwa na feri ya Likoni. Nikawa nampa kiganja kizima cha vidonge vya chakula chake kila asubuhi. Kumbe bibi anamrushia dagaa baada ya alasiri, na mtoto wa jirani akitoka madrasa anamalizia kwa kiazi karai.

Na kobe hata akishiba huomba; kwao mtoni chakula hakina ratiba, kinachopita huliwa. Kobe mchanga, wa chini ya mwaka, ndiye wa kula kila siku. Mzima hupewa kila baada ya siku mbili tatu, vidonge vya kiasi cha ukubwa wa kichwa chake, kichwa bila shingo. Siku za katikati atafune sukuma wiki. Spinachi hapana, huzuia kalsiamu na gamba hulegea. Mfupa wa dome, yule jamaa wa ngisi, wa kuokota ufuoni, ukirowekwa ukatoka chumvi, ndio dawa ya gamba.

Kwa joto letu dagaa aliyebaki majini haifiki isha hajaoza. Siku moja wageni wa bibi wakauliza, kwa adabu, kama choo kimeziba. Nikamtoa kobe mbio nikamweka sakafuni, paka akaja kunusa. Kobe akataka kujificha. Akavuta kichwa, miguu ya nyuma ikachomoza. Akavuta miguu, shingo ikarudi nje. Minofu ikafura pembeni mwa gamba kama hamri lililozidi hamira. Paka akakaa kitako kutazama.

Shangazi aliporudi alimgeuza mara moja tu. "Mwanangu, huyu mmempa mimba?"

Siku hizi hulishwa kwenye beseni la maji ya kumfunika mgongo, maana nchi kavu hawezi kumeza. Dakika 15, kisha anarudishwa kwake, nasi tunanawa mikono kwa sabuni. Kopo la vidonge limefungiwa kabatini, na ufunguo uko kwenye pindo la leso ya shangazi.